Sitara na Uwazi: Nani Aisome Faili ya Talaka?

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake. Methali hii yatuonya tusiyahukumu mambo ya nyumba za watu. Hata hivyo, inaibua swali ambalo wahenga wenyewe hawakulazimika kulijibu. Je, itakuwaje pale wenye nyumba wanapotakiwa kuzieleza ila hizo kwa maandishi, wakaziapia, kisha maandishi hayo yakahifadhiwa katika masijala ya serikali? Hivyo ndivyo inavyokuwa kila ndoa inapofikishwa mahakamani ili ivunjwe.

Lililonisukuma kuandika makala haya ni tukio la mtaani nilikokulia. Picha za kurasa tatu za ombi la talaka zilizungushwa kwa simu, kikundi hadi kikundi, mpaka zikanifikia mimi niliyekuwa mbali chuoni. Mwanamke aliyetuhumiwa katika kurasa hizo alikuwa mwalimu wangu wa Kiswahili katika shule ya msingi. Yeye ndiye aliyenifunza kutofautisha 'ila' na 'hila'. Nilizisoma kurasa zile zote. Naungama hivyo kwa sababu bila ya ungamo hili makala haya yangekuwa ya kinafiki. Baadaye nilipata habari kwamba mumewe aliliondoa ombi hilo kabla halijasikilizwa. Hapakuwa na ushahidi uliopimwa wala hukumu iliyotolewa. Tuhuma zilibaki peke yake bila jibu, na mwalimu akahamia shule ya mbali.

Makala haya yananuia kueleza jinsi utamaduni wetu na sheria zetu zinavyojaribu kupatanisha haki mbili: haki ya mtu kusitiriwa na haki ya umma kujua yanayotendeka mahakamani. Hoja yangu ni moja. Kinachostahili kuwa wazi ni kazi ya hakimu, na kinachostahili sitara ni maisha ya wanandoa. Maafa kama yale ya mwalimu wangu hutokea pale mambo haya mawili yanapochanganywa.

Rekodi za Talaka ni Zipi?

Mtu asemapo 'rekodi za talaka' huzungumzia hati za aina nne, na ni muhimu kuzipambanua tangu mwanzo. Kuna hati za madai, yaani ombi la talaka, jibu la ombi hilo, hati za kiapo na vielelezo vinavyoambatishwa. Pili, kuna mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa na mashahidi na mawakili. Tatu ni hukumu, ambamo hakimu hueleza alichokiamini, alichokikataa na sababu zake. Nne ni hati fupi inayothibitisha kwamba ndoa imevunjwa. Anayetaka kuoa au kuolewa upya, pamoja na yule anayetaka kufunga naye ndoa, huhitaji hiyo hati ya nne tu. Hana haja ya kujua nani alimpiga nani, wala nani alilala wapi.

Kati ya hati hizo, zile za kwanza ndizo zenye sumu kali zaidi, na sumu hiyo haitokani na tabia za watu pekee. Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitaja sababu zinazoweza kuivunja ndoa ya Kikristo, miongoni mwake zikiwa uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa muda usiopungua miaka 3, upotovu uliokithiri na kuvunjika kabisa kwa ndoa. Mwombaji analazimika kuonyesha sababu. Kwa hivyo, hata mtu aliyetaka kuachana kwa amani hujikuta ameketi na wakili wakitafuta kosa la kuliandika. Ombi la talaka ni utungo wenye msimulizi mmoja, nasi tulio wanafunzi wa fasihi twajua fika kwamba msimulizi wa nafsi ya kwanza si wa kuaminiwa bila kuhojiwa. Mwenye kuisoma hati hiyo peke yake huwa amesikia upande mmoja tu wa kisa.

Sitara katika Utamaduni wa Waswahili

Neno sitara lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kufunika. Mwili husitiriwa kwa nguo, nyumba kwa ukuta, na mtu kwa ulimi wa mwenziwe. Qurani, katika Sura ya pili, inawafananisha mume na mke na mavazi, kila mmoja akiwa vazi la mwenziwe. Katika Sura ya nne, inaelekeza kwamba pakihofiwa mfarakano kati yao, ateuliwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Mafunzo haya yameathiri pakubwa mwenendo wa ndoa katika upwa wetu. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi aliomtungia bintiye mnamo 1858, alimhimiza awe na adabu na ulimi mwema, kwa maana heshima ya nyumba huanzia kinywani.

Hata hivyo, tusikosee kudhani kwamba sitara ni sawa na usiri. Mgogoro wa ndoa ulipopelekwa kwa wazee, iwe ni Lamu, Mombasa au katika jamii za bara, watu kadhaa waliusikia. Wajomba waliusikia, mashangazi waliusikia, na mara nyingine jirani mwenye busara aliitwa. Tofauti ni kwamba kila aliyesikia alikuwa na wajibu. Alisikia ili apatanishe, au ili awe shahidi wa mapatano. Kwa mujibu wa utamaduni huu, swali halikuwa kama mambo ya nyumba yatasikika au hayatasikika. Swali lilikuwa nani ayasikie, na kwa kazi gani.

Fauka ya hayo, hatuna budi kukiri kwamba sitara imetumiwa vibaya. Wanawake wengi wameambiwa wavumilie kipigo kwa jina la kusitiri nyumba. Lugha yetu yenyewe ina dawa ya maradhi hayo, kwani wahenga hao hao walisema mficha uchi hazai, na tena mficha maradhi kifo humfichua. Anayeumizwa ana haki ya kusema, na anaposema ana haki ya kusikilizwa na mtu mwenye uwezo wa kumwokoa. Sitara isiyomwachia mtu mlango wa kutokea humfunga aliyekusudiwa kulindwa.

Uwazi Uliorithiwa

Waislamu nchini Kenya wanaweza kuyapeleka mashauri ya talaka mbele ya Mahakama za Makadhi, ambazo mamlaka yake yamefafanuliwa katika Kifungu cha 170 cha Katiba. Mahakama zetu nyingine zilirithi mengi kutoka Uingereza. Sheria ya Mashauri ya Ndoa, Sura ya 152, ambayo ilitumika hadi ilipofutwa na sheria ya 2014, ilifuata kielelezo cha huko. Ndiyo sababu inatupasa kuangalia Waingereza wenyewe walivyohangaika na jambo hili.

Hadi 1857, Mwingereza aliyetaka talaka kamili ya kumwezesha kuoa tena alihitaji sheria mahususi ipitishwe na Bunge kwa ajili yake. Sheria ya mwaka huo ilianzisha mahakama ya talaka, nayo ikafungua milango yake Januari 1858. Ni sadfa ya kuvutia kwamba mwaka ambao Mwana Kupona alikuwa akimuusia bintiye juu ya heshima ya nyumba ndio huo huo ambao magazeti ya London yalianza kuzianika nyumba za watu. Habari za mahakama hiyo ziliuzwa kama njugu. Mnamo Desemba 1859, Malkia Victoria alimwandikia Mkuu wa Sheria wa serikali yake akilalamika kwamba yaliyokuwa yakichapishwa kila siku yalikuwa mabaya kuliko riwaya ambazo wazazi waangalifu huwaficha watoto wao. Bunge lilichukua muda mrefu kumsikia. Ni mwaka 1926 tu ndipo ilipopitishwa sheria ya kuyawekea magazeti mipaka. Yaliruhusiwa kutaja majina, anwani na kazi za wahusika na mashahidi, muhtasari wa madai na utetezi, hoja za kisheria na uamuzi. Yalikatazwa kuchapisha ushahidi wa kina wa chumbani.

Kabla ya hapo, kulikuwa na kesi iliyofunza somo la kinyume. Katika kesi ya Scott dhidi ya Scott, mke aliomba ndoa yake itanguliwe, na jaji akaamuru shauri lisikilizwe faraghani. Mke alishinda. Baadaye akapata habari kwamba mumewe alikuwa akisema maneno yaliyotilia shaka akili zake. Ili kujitetea, aliagiza nakala za mwenendo wa kesi na kuzipeleka kwa baba ya mume, dada yake na mtu mwingine mmoja. Kwa kitendo hicho alitiwa hatiani kwa kuidharau mahakama. Mwaka 1913 Baraza la Mabwana lilimwondolea hatia hiyo na kusisitiza kwamba haki hutolewa hadharani, na kwamba aibu ya wahusika haitoshi kuwa sababu ya kufunga milango.

Kesi hii yafaa kukumbukwa na kila mtetezi wa faragha. Mlango uliofungwa kwa kisingizio cha kumsitiri mwanamke ndio uliotaka kumziba kinywa alipochafuliwa jina. Mwalimu wangu alidhulumiwa na hati iliyotoka nje, ilhali mwanamke yule wa Uingereza alidhulumiwa na hati iliyozuiwa kutoka. Ukizitazama kesi hizi pamoja, utaona kwamba wote wawili walikosa jambo lile lile, yaani nafasi ya ukweli uliopimwa kuwafikia wale waliosikia uvumi.

Katiba na Sheria za Kenya

Katiba ya 2010 imeziweka haki hizi mbili bega kwa bega. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutofichuliwa bila sababu kwa habari zinazohusu familia yake au mambo yake ya kibinafsi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 50 kinadai kwamba mashauri yasikilizwe hadharani, lakini kinaruhusu wanahabari na umma kuondolewa pale inapobidi, kwa mfano ili kuwalinda mashahidi, watu walio katika hali ya kudhurika kwa urahisi, au maadili. Naam, Katiba haikuchagua upande. Imewaachia mahakimu kazi ya kupima.

Sheria zilizofuata zimeongeza uzito katika kila kitanga cha mizani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inatambua kwamba habari inaweza kuzuiwa iwapo kuitoa kutaingilia faragha ya mtu isivyostahili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu kuwa nyeti data zinazoonyesha hali ya ndoa ya mtu, majina ya mwenzi wake na watoto wake, afya yake na mali yake. Msomaji akiitazama orodha hiyo ataona kwamba ni kama muhtasari wa faili ya talaka. Kuhusu watoto, Sheria ya Watoto ya 2001 ilikataza kuchapishwa kwa jina, makao au shule ya mtoto katika shauri linalomhusu, na sheria ya 2022 iliyochukua nafasi yake imeendeleza azma hiyo ya kumlinda. Aidha, tangu 2016 mahakama zimekuwa na utaratibu wa upatanishi ambapo wahusika huzungumza mbele ya mpatanishi, na yanayosemwa humo ni siri. Huo nauona kuwa ni ule ule mkutano wa wazee ukiwa umevaa tai.

Kwa Nini Hukumu Ziwe Wazi

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini basi tusizifunge faili zote na hukumu zote? Jibu liko katika historia ya jasho la wanawake wa Kenya. Mnamo 2007, Mahakama ya Rufaa iliamua katika kesi moja mashuhuri kwamba mke anayedai sehemu ya mali iliyosajiliwa kwa jina la mumewe sharti athibitishe mchango wa kifedha. Uamuzi huo ulitegemea sheria ya Uingereza ya 1882. Kwa sababu hukumu ilichapishwa, wanaharakati na wasomi waliisoma, wakaikosoa na kudai mabadiliko. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikaja kueleza kwamba mchango si fedha tu, bali pia kazi za nyumbani, malezi ya watoto, uenzi, usimamizi wa biashara ya familia na kazi ya shambani. Mnamo Januari 2023, Mahakama ya Juu, katika kesi ya JOO dhidi ya MBO, ilifafanua kwamba usawa wa wanandoa uliotajwa katika Kifungu cha 45 haumaanishi kugawana mali nusu kwa nusu bila kuangalia, na kwamba kila mmoja lazima aonyeshe mchango wake.

Mtu anaweza kuukubali au kuupinga uamuzi huo, lakini hawezi kufanya lolote kati ya hayo ikiwa hakuuona. Mwanamke aliyelima shamba kwa miaka 20 anahitaji kujua ni ushahidi wa aina gani uliomridhisha jaji, na mume aliyelea watoto pia anahitaji kujua. Uwazi wa hukumu ndio unaotuwezesha kumhukumu hakimu.

Tazama pia namna ya kutaja majina. Kesi ile ya 2007 hadi leo inajulikana vyuoni kwa jina la ukoo wa wahusika, na kila mwanafunzi wa sheria hulitamka pasi na kufikiri. Mimi nimeliacha kwa makusudi, na natumaini msomaji hakupungukiwa na lolote. Kesi ya 2023 inajulikana kwa herufi, na funzo lake halikupungua hata chembe.

Fumbo la Herufi

Kuficha majina kwa herufi kumekuwa desturi katika hukumu nyingi za kifamilia zinazochapishwa nchini. Hili ni jambo jema, na mwanafunzi wa Kiswahili hulitambua mara moja, kwa kuwa ni fumbo. Fasihi yetu imejaa ufundi wa kusema jambo bila kumtaja mtu. Maneno ya kwenye leso na mipasho ya taarabu yamebeba ugomvi wa nyumba nyingi bila jina hata moja kutamkwa.

Lakini wahenga walituonya pia kuhusu mipaka ya ufundi huo: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalitambua. Herufi tatu humficha mtu machoni pa mgeni asiyemjua. Zikiambatana na mji, kazi, mwaka wa harusi, idadi ya watoto na nambari ya shamba, jirani hatahitaji jina. Na aibu ya talaka haitoki kwa mgeni wa mbali, hutoka kwa jirani, mwajiri, mkwe na mwanafunzi. Wale ambao mtu angependa kusitiriwa kwao ndio werevu wa fumbo hili.

Tatizo hili limezidishwa na teknolojia. Zamani faili ilikuwa wazi kwa jina tu. Aliyetaka kuisoma alifunga safari hadi masijala, akajieleza kwa karani, akalipa ada na kungoja. Taabu hiyo yenyewe ilikuwa sitara. Mahakama ya Juu ya Marekani iliitambua hali hii mwaka 1989, iliposema kwamba kuna tofauti kubwa kati ya habari zilizotawanyika katika masijala mbalimbali na habari hizo hizo zikikusanywa mahali pamoja. Nchini Kenya, uwasilishaji wa hati za kesi kwa njia ya kielektroniki ulianza Nairobi mnamo Julai 2020 na kuenezwa katika mahakama kote nchini mnamo 2024. Umeokoa muda na nauli za wananchi, na si nia yangu kuubeza. Ila inatulazimu kukumbuka kwamba taabu ilipoondolewa, sitara iliyokuwa ndani yake iliondoka nayo, na haitarudi isipowekwa kwa makusudi.

Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, napendekeza mambo manne. Kwanza, hukumu zote za talaka ziendelee kuchapishwa pamoja na sababu zake, lakini hakimu aandike akijua kwamba jirani atasoma. Maelezo yasiyobeba uamuzi, kama vile jina la kijiji au shule, yaachwe nje. Pili, hati za madai na viapo zisomwe na wahusika, mawakili wao na yeyote atakayeishawishi mahakama kwamba ana sababu ya haki, mathalani mtafiti atakayeahidi kuficha utambulisho. Huo ndio utaratibu wa wazee: asikie mwenye kazi ya kufanya. Tatu, ombi linapoondolewa au kukataliwa, jambo hilo lionekane popote ombi lenyewe linapoonekana, ili tuhuma isitembee peke yake. Nne, mhusika aliyechafuliwa jina aruhusiwe kutumia hukumu kujisafisha, asije akafungwa kinywa kama yule mwanamke wa 1913.

Kuna wajibu mwingine ambao hauwezi kuandikwa katika sheria. Aliyezipiga picha kurasa zile tatu alikuwa mmoja, lakini tuliozisoma na kuzituma tulikuwa wengi. Hakuna masijala inayoweza kufunga mlango dhidi ya mtaa mzima. Mwalimu wangu alitufunza kwamba ila ni kasoro na hila ni ujanja wa kudhuru, na kwamba herufi moja tu ndiyo inayoyatenganisha maneno hayo. Kila nyumba ina ila zake. Kuzichukua ila za nyumba ya mtu zikiwa bado hazijapimwa na yeyote, kisha kuzisambaza ili watu wastaajabu, hiyo ni hila, na niliishiriki. Nikijaliwa kukutana naye tena, nitaanza kwa kumwomba radhi.